Hina haikolei, ngozi inawasha, mzazi amekataa: kutatua matatizo ya darasa la hina kwa vijana Nyanda za Juu Kusini

Hina ile ile inayomkolea mtu vizuri Tanga au Unguja, ukiipaka Mbeya mwezi wa saba, kesho yake inaonekana rangi ya karoti. Aliyepaka anaona aibu, aliyepakwa ananuna, na hapo hapo anatokea mtu na ushauri: "Changanyeni piko, itatoka nyeusi tii." Matatizo mazito ya madarasa ya hina huku kwetu nimeyaona yakianzia kwenye baridi na kuishia kwenye ngozi ya mtoto. Ndiyo maana naanza na rangi, tena kwa urefu, kabla ya kufika kwenye koni zilizoziba (vile vifuko vyenye ncha vya kuchorea hina) na wazazi waliokasirika.

Nawaandikia wanaoendesha darasa la likizo kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, iwe kwenye ukumbi wa kata, kwenye kituo cha vijana au uani kwa mtu. Huku hina si mila ya kila nyumba kama ilivyo pwani. Imepanda na wafanyabiashara, ikaingia na ndoa, na sasa inaenea kupitia sendofu na kicheni pati. Binti wa Kisafwa au wa Kihehe anayetaka kujifunza mara nyingi hana bibi nyumbani wa kumwambia "hii bado haijaiva, iache". Kazi hiyo ya bibi inakuwa yako.

"Anti, mbona yangu ni ya chungwa?"

Kwanza uliza ilibanduliwa lini. Jani la mhina lina kemikali ya rangi inayoitwa losoni. Losoni hupenya tabaka la juu la ngozi na kushikamana na keratini, protini ile ile inayojenga kucha na nywele. Rojo la hina likibanduliwa, doa linakuwa la chungwa, halafu hewa inaligeuza taratibu kuwa kahawia, na huchukua kama saa 48 kufika kileleni. Kwa hiyo aliyebandua jana jioni na leo asubuhi ana chungwa, hana tatizo lolote. Mpigie picha mkono mmoja wakati wa kubandua, kesho yake, na keshokutwa, kisha bandika picha hizo ukutani. Vijana wakiziona, malalamiko ya siku ya kwanza yanapungua sana.

Zikipita siku 2 na rangi bado imepauka, hapo pana sababu, na ni juu yako kuitafuta.

Ninayoikuta zaidi ni rojo lisiloiva. Losoni haitoki kwenye unga mara tu unapokoroga. Inahitaji tindikali kidogo, yaani maji ya limao, na inahitaji joto na muda. Penye nyuzi 30 hivi, rojo linaweza kuiva kwa saa 6 hadi 10. Penye nyuzi 20 hesabu siku nzima. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Njombe iko juu zaidi, karibu mita 2,000. Ukikoroga saa mbili usiku, ukaacha bakuli mezani, asubuhi utakuta rojo lililolala tu. Maelekezo ya "acha usiku mmoja" yanayosambaa kwenye simu yametoka kwa watu wa joto.

Dawa yake ni hotipoti. Koroga gramu 100 za unga na maji ya limao hadi rojo liwe zito kama mtindi, ongeza vijiko vikubwa 2 vya sukari, funika bakuli kwa nailoni iliyogusana na rojo lenyewe ili hewa isiingie. Weka bakuli ndani ya hotipoti kubwa pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, siyo ya moto. Funga. Badilisha maji ya chupa yakipoa. Usiweke bakuli juu ya jiko wala juani kwenye bati, kwa sababu joto kali huivisha rojo haraka na kuua rangi haraka vilevile.

Kisha pima, usikisie. Chukua tone la rojo, liweke katikati ya kiganja, subiri dakika 5, lifute. Ukiona kidoa cha chungwa kilichosimama, rojo liko tayari. Ukiona kivuli cha njano kinachofutika, rudisha bakuli kwenye joto. Kijana akishajifunza kupima kwa kiganja chake mwenyewe hatakuuliza tena kama hina "imeiva", atakuonyesha.

Kama rojo lilikuwa limeiva na rangi bado imepauka, angalia mikono. Huku baridi ikianza kila mtu anajipaka mafuta mazito ya mgando asubuhi, maana bila hivyo ngozi inapasuka. Mafuta hayo yanaziba ngozi kabisa, na hina inakaa juu yake bila kuingia. Ishara yake ni rangi ya mabaka: imekolea hapa, imeruka pale. Watu waoshe mikono kwa sabuni wanapofika, wakauke, ukiweza wafute kwa pamba yenye spiriti. Na mikono iliyoganda haishiki rangi. Mpe kila mmoja kikombe cha chai ya moto akishike kwa viganja viwili kabla ya kuanza. Wilaya za Rungwe na Mufindi zinalima chai, kwa hiyo hilo halitakuletea shida.

Halafu kuna muda wa kukaa na rojo. Saa 4 kwa uchache, 6 hadi 8 ndiyo vizuri. Darasa lako likiwa la saa 3 na watoto wakibandua kabla ya kupanda bajaji, hutapata kahawia hata ukileta unga bora kuliko wote. Panga uchoraji wa ngozini uwe kazi ya mwisho ya siku, wafunge michoro iliyokauka kwa karatasi laini ya chooni na soksi kuukuu, waende nayo nyumbani.

Na huko nyumbani ndiko sababu nyingine inakowasubiri, nayo inahusu wasichana zaidi. Hina iliyobanduliwa isiguswe na maji kwa saa 12, ikiwezekana 24. Binti anafika saa kumi na moja jioni, vyombo vya mchana vinamngoja, ndoo inamngoja, kesho ni kufua. Anarudi Jumatatu na mchoro uliofifia na unamwambia hakufuata maelekezo. Hakuwa na namna ya kuyafuata. Ongea na mama mapema, umwombe jioni hiyo moja, au mchore binti kwenye mkono wa kushoto juu ya kifundo, ukimweleza kwamba hapo rangi haitakolea kama kiganjani kwa sababu ngozi ya kiganja ni nene zaidi. Mama wengi hukubali wakiombwa kwa heshima na kwa siku iliyotajwa. Wakati wa kubandua, rojo likwanguliwe kwa kisu butu au kadi, siyo kuoshwa, kisha apake mafuta ya alizeti au ya nazi kidogo kabla ya kugusa maji mara ya kwanza.

Mwisho angalia unga. Unga mzuri ni wa kijani kibichi au kijani cha kahawia na unanukia majani makavu. Ukiwa umekaa dukani mwaka mzima kwenye pakiti inayopigwa na jua, hakuna hotipoti itakayoufufua. Nunua kidogo, jaribu kiganjani, ndipo ununue wa darasa zima. Unga uliokusudiwa nywele huwa na chenga kubwa, upepete mara 2 kwa kitambaa chepesi.

Rojo linapasuka na kudondoka, au halikauki kabisa

Haya ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja, nao ni sukari na hewa ya mahali ulipo. Sukari huvuta unyevu. Iringa mwezi wa nane hewa ni kavu, upepo unavuma, rojo linakauka kwa dakika chache na kubanduka vipande kabla halijafanya kazi. Ongeza sukari, kijiko kimoja au zaidi kwa gramu zile 100, na mchoro ukishakauka juu juu uguse kwa pamba yenye maji ya sukari. Tukuyu ni kinyume chake. Ile ni sehemu ya mvua nyingi mno, na rojo la kipimo cha Iringa litabaki linanata na kuchuruzika hadi mistari iungane. Punguza sukari. Anayefundisha Iringa na Tukuyu kwa kipimo kimoja atapata shida sehemu mojawapo.

Nimesema maji ya sukari kwa makusudi. Pwani na kwenye video watu wanatumia maji ya ndimu na sukari. Huku, kwa sababu ya baridi, vijana wakishapakwa wanakimbilia kukaa juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, jua likipiga, ngozi inaweza kuungua: inakuwa nyekundu, pengine inatoa malengelenge siku moja au mbili baadaye, halafu inaacha madoa meusi yanayodumu wiki kadhaa. Jua la milimani ni kali hata hewa ikiwa baridi. Atakayekamua ndimu aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

"Tunataka nyeusi"

Mhina hautoi nyeusi. Unatoa chungwa, nyekundu ya matofali na kahawia, hadi kahawia iliyoiva sana kiganjani na kwenye nyayo. Kinachoitwa piko, au hina nyeusi, kwa kawaida ni rangi ya nywele, na kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali ya parafenilenediamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Hata rangi ya nywele haikutengenezwa ikae ngozini kwa saa nzima, na anayekoroga piko mtaani hapimi asilimia. Anakoroga mpaka iwe nyeusi.

Madhara yake yanajulikana. Ngozi inaweza kuvimba, kuwasha na kutoa malengelenge yanayofuata mchoro mstari kwa mstari, ua kwa ua, kiasi kwamba jeraha likipona mchoro unabaki kama kovu au kama ngozi iliyopoteza rangi. Kinachoniuma zaidi ni kile kinachobaki ndani. Mwili ukishajenga mzio wa PPD, mzio huo haumwachi mtu. Binti wa miaka 15 aliyeungua mkono kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi moja, akifika 30 na kutaka kupaka nywele rangi, kichwa na uso vinaweza kuvimba. Anaweza pia kudhurika na baadhi ya dawa za ganzi, kama benzokaini, na baadhi ya rangi za nguo.

Wapo watakaokuambia wamepaka piko miaka yote na hawajawahi kudhurika. Wanasema kweli kuhusu wao. Mzio hauji kwa kila mtu, na hauji lazima mara ya kwanza. Kwa mara ya kwanza unaweza kuchukua siku 7 hadi 14 kujijenga, ndiyo maana hata jaribio la tone dogo la siku 2 halikupi usalama kwa piko. Usiwaruhusu vijana waamini kwamba "tulijaribu, hakikutokea kitu" inatosha.

Ukiwa na darasa, amua leo kwamba piko haiingii mlangoni. Ili iwe hivyo kweli, unahitaji kuitambua, kwa sababu nyingi huja ndani ya koni zilizoandikwa hina. Koni iliyokaa rafuni miezi bila friji na bado iko sawa si ya majani na limao peke yake, kwa kuwa rojo halisi huchacha ndani ya siku chache. Koni inayoahidi weusi ndani ya saa moja si hina. Koni isiyo na orodha ya vilivyomo, irudishe. Koni inayonukia mafuta ya taa au petroli, irudishe pia, maana wapo wanaovichanganya ili rangi ikolee, na ngozi ya mtoto haistahili hivyo. Rojo unalokoroga mwenyewe ndilo pekee unaloweza kumwapia mzazi.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi, kwa sababu vijana hawa watapata kazi nje ya darasa lako. Binti akishajua kuchora vizuri, shangazi wa jirani atamwita kwenye kicheni pati Uyole au Mafiati, hapo Mbeya mjini, bibi harusi atataka nyeusi, na pesa itakuwa mezani. Mtoto wa miaka 16 hawezi kushindana na kundi la akina mama waliokwisha kukubaliana. Mpe maneno ya kusema kabla hajaitwa, na muyafanyie mazoezi kwa sauti: "Mimi napaka ya majani tu, dada. Niite siku mbili kabla, nitakukoleza." Hiyo ndiyo siri yenyewe. Piko inashinda kwa sababu watu wanakumbuka hina siku ya sherehe, asubuhi, wakati majani hayana muda wa kufanya kazi. Anayepakwa Alhamisi, akalala na rojo, akabandua Ijumaa asubuhi kwa mafuta, Jumamosi jioni ana mikono ya kahawia iliyokolea ambayo hakuna atakayeiita feki. Fundisha kupanga siku kama unavyofundisha kuchora ua.

Ngozi inawasha au imetoka malengelenge

Uliza mambo mawili: ilianza lini, na imekaa wapi.

Ikianza kuwasha pale pale wakati wa kupaka, mara nyingi ni limao kwenye ngozi iliyopasuka kwa baridi, au mafuta ya karafuu yaliyozidi, yale ambayo wengine huyachanganya kwenye rojo ili rangi ikolee. Bandua, osha kwa maji ya kawaida na sabuni, na mtu huyo asipakwe hadi ngozi ipone. Kwa vijana mimi situmii mafuta ya karafuu kabisa. Rangi inapungua kidogo, na sioni hasara.

Ikitokea siku moja hadi 3 baadaye, na wekundu umekaa pale palipopigwa na jua, hata nje ya mchoro, fikiria ndimu.

Ikifuata mchoro wenyewe, ikawa imevimba au imetoa maji, chukulia ni PPD hata kama aliyepaka anaapa ilikuwa hina. Usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno wala majivu. Osha, funika kwa kitambaa safi kisichobana, mpeleke zahanati pamoja na koni au pakiti iliyotumika, na umwandikie mzazi kwamba mtoto huyu asitumie rangi nyeusi ya nywele tena na amwambie kila mganga na kila msusi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usisubiri mzazi afike. Nenda hospitali.

Kuna hatari moja ambayo haitokani na piko, na wengi hawajawahi kuisikia. Watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi kwenye jamii zilizoishi na malaria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa sababu ya losoni yenyewe, yaani hina safi kabisa. Dalili ni uchovu wa ghafla, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Hiyo ni dharura. Wengi hawajapimwa, kwa hiyo kwenye fomu ya mzazi uliza kwa lugha ya nyumbani: je, mtoto amewahi kupata manjano au kukojoa mkojo mweusi baada ya kutumia dawa? Je, kuna ndugu aliyekatazwa baadhi ya dawa? Jibu likiwa ndiyo, achore kwenye karatasi tu, asipakwe.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Wasichana wengi watakuja darasani na mdogo wao mgongoni, na mtu ataona vidole vile vidogo ni vizuri kuwekewa nukta moja. Usiruhusu hata nukta.

Wanasinzia na kuumwa kichwa

Hili la milimani nalitilia mkazo. Mwezi wa sita kuna mtu ataleta jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili rojo lipate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Vijana wakianza kulalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kwa pamoja, usitafute sababu nyingine: wote nje, jiko nje, madirisha wazi, na asiyepata nafuu upesi apelekwe hospitali. Joto la darasa lipatikane kwa blanketi, chai na jua la uani.

Koni imeziba, mstari unatetemeka

Koni ikiziba, unga haukupepetwa au rojo halikuchujwa. Lipitishe kwenye stokingi safi kabla ya kujaza. Pini ni msaada wa muda tu. Koni zenyewe zikatwe kutoka karatasi ya nailoni inayong'aa ya kufungia zawadi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na haifai hata hivyo kwa kuwa ni laini mno. Mstari ukiwa mnene, ncha imekatwa pakubwa. Ukitetemeka, kiwiko hakijapumzika mezani. Mazoezi yafanyike kwenye sahani ya melamini: mistari iliyonyooka, kisha matone, kisha majani, kufuta na kurudia. Yeyote asiguse ngozi ya mwenzake kabla sahani haijajaa mistari inayofanana.

Michoro yote ni ile ile ya kwenye simu

Weka simu kando, leta kikapu. Vikapu vya Iringa, vile vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe, vina mizunguko na pembe zinazotosha kufundishia mwezi mzima. Mwambie kila kijana afuate mstari mmoja kutoka kitako cha kikapu hadi mdomoni kwa kidole, kisha auchore kuzunguka kifundo cha mkono. Baada ya hapo lete tawi la kahawa lenye matunda, chipukizi la chai lenye majani yake mawili na ncha, ua la mgomba. Wa Makete watakuambia habari za maua ya hifadhi ya Kitulo, wilayani kwao. Nimeona kijana wa kiume aliyekuwa akikaa nyuma kwa kuona hina ni ya wasichana, akapewa kikapu, na mchana mzima hakuinua kichwa.

Kuhusu majina ya wapenzi: kataa. Doa linakaa wiki, na ugomvi wa shuleni unaanza siku ya kwanza. Sheria nyingine ni kwamba tunachora mikono na miguu chini ya goti peke yake, mlango ukiwa wazi na watu wazima wawili wakiwapo.

Mzazi amekataa, shule imeadhibu

Mzazi akikataa, mara nyingi ana moja ya hofu tatu: hii ni dini ya wengine, hii ni tatuu, au mwanangu atapigwa shuleni. Nyanda hizi zina Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki wengi, na wapo wanaofungua Mambo ya Walawi 19:28 kuhusu alama mwilini. Usibishane maandiko na mzazi wa mtu. Mwonyeshe mkono uliopakwa wiki 3 zilizopita ili aone kwamba inafutika na haichomwi. Akiendelea kukataa, heshimu, na mtoto aendelee na sahani, kadi, mishumaa na ngoma. Mchoraji mzuri hahitaji kupakwa yeye mwenyewe.

Hofu ya shule ni ya haki. Shule nyingi hazikubali mwanafunzi mwenye hina, na adhabu inamwangukia mtoto, siyo wewe. Doa hudumu wiki 1 hadi 3, na kwenye kucha halitoki mpaka kucha ikue, miezi kadhaa. Kwa hiyo kucha zisiguswe kabisa, na uhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua: ndani ya wiki 3 za mwisho hakuna ngozi, ni karatasi na sahani tu. Likizo ya Juni ikihesabiwa hivyo inabaki na siku chache mno za kupaka, tena zenye baridi kali. Kwa sababu hiyo sehemu ya ngozi naipeleka likizo ya Desemba, ambayo ni ndefu na yenye joto zaidi, na Juni naiacha iwe ya kuchora, kukunja koni na kujifunza unga. Mtoto akikutwa na doa siku ya kufungua, asijisugue kwa dawa ya kung'arishia nguo wala kwa waya wa kusugulia sufuria. Maji ya uvuguvugu, sabuni, chumvi na mafuta ya alizeti, mara mbili kwa siku, yataharakisha kufifia. Andika pia barua fupi kwa mwalimu ueleze ni darasa la likizo, lenye jina lako na namba yako.

Rojo limebaki

Rojo lililoiva linaanza kupoteza nguvu baada ya siku 2 au 3 mezani, baridi ikilichelewesha kidogo. Jaza koni, funga, andika tarehe, weka kwenye friza. Hapo litakaa miezi. Umeme ukikatika na koni zikayeyuka kabisa, zitumie siku hiyo hiyo baada ya kupima kiganjani. Likinuka uchachu mkali au likiota ukungu, lifukie shambani.